Nimerudi Moshi, Nimekuta Maisha ya Kupima

Nilipoondoka Moshi mwaka 2013, jero, yaani shilingi mia tano, ilikuwa noti. Uliikunja ukaifunga kwenye pindo la khanga, na mtoto ukimtuma nayo dukani unamwambia aishike sana. Nimerudi mwezi uliopita kutoka Oman, nakuta jero ni sarafu. Jioni ya kwanza mdogo wangu alimkabidhi mwanawe sarafu hiyo pamoja na chupa tupu ya maji, akamwambia: "Kalete mafuta ya mia tatu, na nyanya za mia mbili." Nikadhani ni ya kukaangia yai. Kumbe ndiyo mafuta ya chakula cha usiku, na mezani tulikuwa watano.

Kupima, yaani kununua kidogo kidogo kwa vipimo, si jambo geni. Mliokulia Pasua, Njoro au Majengo mnajua nusu robo ya sukari ni nini. Lakini kwetu kupima kulikuwa kwa tarehe mbaya, mshahara wa baba ukichelewa. Siku nyingine ndani kulikuwa na sado mbili za maharage, na mkungu wa ndizi uliotelemshwa na bibi kutoka mlimani ukiwa umeegeshwa nyuma ya mlango. Sasa wapangaji wote wa uani kwetu wanapima kila kitu, kila siku. Mche wa sabuni umekatwa vipande. Siagi ni ya kijiko. Mkaa ni wa kopo. Pampasi inauzwa moja, na mama ananunua ya usiku tu. Nimeona kitunguu kimoja kikikatwa katikati gengeni, mteja akaondoka na nusu yake, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Jambo hilo lilininyima usingizi, basi nikafanya hesabu. Wiki nzima nilinunua mafuta kama wanavyonunua wao, kipimo kimoja cha mia tatu, nikawa namimina kwenye chupa ya nusu lita. Ilijaa kwa vipimo kumi na tatu. Hiyo ni shilingi 3,900 kwa nusu lita, sawa na 7,800 kwa lita, na duka lilelile linauza lita kamili kwa 6,000. Mwenye elfu sita mkononi analipa elfu sita. Asiyekuwa nazo anaongeza 1,800 juu yake, kidogo kidogo, bila kuziona zikiondoka.

Hapa lazima niseme ukweli wangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nampigia simu mdogo wangu nikimwambia, "Nunua kwa jumla, acha kupoteza hela kwa vipimo." Tuligombana kwa ajili hiyo, na kuna Pasaka tulikaa bila kusalimiana. Sasa nimekaa naye. Anafua nguo kwenye nyumba za watu huko Shanty Town, mtaa wa wenye uwezo, analipwa kwa siku, na si kila siku anaitwa. Akirudi na elfu saba saa kumi na mbili jioni, hapo ndipo kuna unga, mkaa, mboga, mafuta, nauli ya kesho na hela ya uji wa mtoto shuleni. Lita ya mafuta ikiingia kwenye hesabu hiyo, unga unatoka.

Nikaenda soko la Mbuyuni nikanunua gunia la mahindi na debe la maharage, nikidhani nimemaliza. Mdogo wangu alilitazama gunia, akasema polepole, "Dada, umenitafutia kesi." Chumba ni kimoja, panya wanapita juu ya dari, na uani tunaishi kaya sita. Jirani aliyekukopesha unga wa mgonjwa mwezi uliopita akija na bakuli, utamwambia nini? Wiki ya tatu hii, gunia liko nusu. Simlaumu mtu, na mimi ningekuja na bakuli.

Nilitaka kumlaumu mangi wa dukani, nikashindwa pia. Ana daftari. Mtoto akiugua usiku, anatoa sukari, maji na hata elfu mbili ya bodaboda kwa ahadi tu ya mdomo. Ukianza kununua kwake lita kwa lita mara moja kwa mwezi, halafu vingine unaleta kutoka sokoni, siku ya shida daftari lako litakuwa limefungwa. Kwa hiyo ile kama sabini ya ziada kwenye kila kipimo inanunua kitu, na mdogo wangu anakijua kuliko mimi.

Umeme ndio umeniuma kuliko vyote. Kuna bei ya chini kwa mwenye matumizi madogo: unit 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa unit kabla ya kodi. Kaya yenye taa tatu, redio na simu za kuchaji haimalizi hizo 75. Lakini uani kwetu vyumba sita vina LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Matumizi ya kaya sita yanasomeka kama ya mtu mmoja tajiri, wanawekwa kwenye bei ya kawaida, na elfu moja yao haifikishi hata unit tatu. Mtu mwenye nyumba yake ndogo na mita yake kwenye ile bei ya chini anapata kama nane. Na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Jengo si lao, na mwenye nyumba wetu hajawahi kuipunguza kwenye kodi ya chumba.

Sukari nitaisema kwa kifupi. Kiwanda cha TPC kiko hapo chini tu, kusini mwa mji, miwa tumeiona tangu utoto. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilipozuia uvunaji, kilo ilipita elfu nne sehemu nyingi, na humu ndani watoto wakazoea uji mtupu. Bei imeshuka, aisee, lakini kilo haijarudi kwenye meza hii. Imebaki nusu robo.

Kwa hiyo wewe unayefunga mabegi huko uliko, acha manukato, acha mablanketi. Uliza nyumbani wanadaiwa kiasi gani dukani, anza na hilo. Lipia mita ya chumba kama mwenye nyumba atakubali, mita kamili yenye namba yake, maana zile ndogo za kugawana zinaonyesha tu nani katumia nini, bei haishuki. Mahindi nunua Julai au Agosti yakitoka shambani. Na usimfundishe mtu kubana matumizi kabla hujalala chumbani kwake wiki mbili.

Jana nimekwenda dukani kulipa daftari la mdogo wangu: shilingi 64,300, kuanzia Februari. Mangi alihesabu noti, akapiga mstari ukurasa wote, akanishukuru sana. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika juu jina la mdogo wangu, na chini yake: mafuta 300.