Mawe Yana Wenyewe

Mzee aliyenigawia mawe yale alikuwa anavunja tangi alilolitunza tangu kabla mimi sijaanza kujitegemea. Mgongo umekataa ndoo, alisema, na tangi la maji ya chumvi ni ndoo tu. Samaki ni sehemu ndogo sana ya kazi yenyewe. Samaki wake na matumbawe yake vilikuwa vimeshachukuliwa na wengine, mimi nikakuta mawe. Tuliyafunga kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya tangi hilohilo, tukayapanga kwenye ndoo zenye vifuniko. Nilipowasha gari akainama dirishani akaniambia, "Usiyasugue, wala usiyaguse na maji ya bomba. Haya mawe yana wenyewe."

Nyumbani kila kitu kilikuwa tayari. Tangi la lita 200 lilisimama ukutani, mbali na dirisha, juu ya meza nzito niliyoiwekea pimamaji mpaka nikaridhika. Maji yalikuwa yamechujwa kwa mashine ya utando, maana maji ya bomba yanaweza kubeba shaba, na kiasi cha shaba ambacho mtu hunywa asidhurike kinatosha kuua kamba na konokono. Huweza pia kubeba silika na fosfeti, na hivyo ni chakula cha mwani usioutaka. Kisha chumvi ya matangi, gramu 35 hivi kwa kila lita. Hii si chumvi ya jikoni: ina kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ya baharini kwa vipimo vyake. Humwagwa taratibu ndani ya maji yanayozunguka. Ukifanya kinyume, ukamwaga maji juu ya rundo la chumvi, kalsiamu na kaboneti hushikana zikawa unga mweupe usiotaka kuyeyuka tena. Niliiacha pampu izungushe usiku kucha. Asubuhi rifraktomita, kile kipimo cha chumvi, ilisoma 1.025, na joto lilikuwa nyuzi 25.

Dada yangu na mwanawe walikuwa wanakaa nami kipindi kile. Kijana aliposikia neno tangi, alishachagua samaki wake kichwani: klauni wawili, wale wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Akasimama pembeni akiangalia mawe yanaingia, moja baada ya jingine, mpaka ndoo ya mwisho ikabaki na tope tu.

"Mjomba, samaki wako wapi?"

"Bado."

"Bado mpaka lini?"

"Mpaka maji yakubali."

Mama yake alipita na kapu la nguo, akasimama kidogo. "Kaka, taa yote hiyo ni ya kumulikia mawe?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, na sikuwa natania. Jiwe la namna ile ni mifupa ya matumbawe ya zamani, limejaa matundu, na ndani ya matundu hayo wanaishi bakteria ambao bila wao samaki angejiua kwa mkojo wake mwenyewe. Kila kinachooza majini hutoa amonia. Kundi moja la vijidudu huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na kule katikati ya jiwe, mahali ambapo oksijeni haifiki, wapo wanaoivunja nitrati mpaka ikawa gesi ya kawaida ya naitrojeni inayopanda na kupotea hewani. Katika maji ya chumvi, yenye pH ya 8.2 hivi, amonia ni kali kuliko ilivyo katika maji baridi ya mtoni, kwa sababu sehemu kubwa zaidi inabaki katika hali ile yenye sumu. Nitriti, kwa upande wake, haina makali sana baharini. Kloridi ya chumvi inaizuia isipenye kwenye mashavu ya samaki. Kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwenye amonia. Ilipanda kidogo, kwa sababu baadhi ya viumbe walikufa safarini, kisha ikaanza kushuka.

Hayo ya kutegemea mawe si ujuzi wa mashine za kisasa. Mwindonesia aliyeitwa Lee Chin Eng alieleza njia yake mwaka 1961: mawe hai kutoka baharini, mwanga, na hewa ya kububujisha maji. Watu wengi hawakumsikiliza kwa miaka. Mimi nadhani ni kwa sababu kuuza mtambo ni rahisi kuliko kuuza subira, lakini hayo ni maoni yangu.

Kijana hakuwa na habari na amonia. Nilimpa kazi nyingine: daftari, penseli, na tochi ndogo tuliyoifunga karatasi ya nailoni nyekundu, kwa sababu kamba na kaa wengi hawaioni vizuri rangi hiyo na hawakimbii. Kila usiku, baada ya taa za tangi kuzimwa, alikuwa na ruhusa ya kuchelewa kulala kidogo, mradi achore alichokiona.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mawe matupu na maneno "hakuna kitu". Ukurasa uliofuata ulikuwa na nukta. Nukta zilikuwa kopepodi, vijidudu vyeupe vinavyorukaruka juu ya kioo, na akalalamika kwamba haziwezekani kuhesabika. Kisha akaanza kuona. Vishada vya manyoya vilichomoza kwenye vijibomba vya chokaa, ukipitisha mkono mbele ya kioo vinapotea mara moja. Kiti cha pweza, yaani nyota wa bahari, mmoja mdogo, hafiki ukubwa wa ukucha, mikono mirefu na mifupi, alikuwa anapanda kioo kwa mwendo wa kutokuwa na haraka na dunia. Halafu akaja mwata, mnyoo wa baharini. Sehemu yake ya mbele ilitoka kwenye tundu moja, ikapapasa mchanga, ikaendelea kutoka, ikaendelea kutoka, waridi yenye manyoya meupe kandokando, na kijana akarudi nyuma mpaka kwenye kochi.

"Mtoe, Mjomba!"

"Anakula uchafu. Mwache afanye kazi. Ila usimshike, manyoya yake yanabaki kwenye ngozi."

Mchanga ukapata vumbi la kahawia, likaenea mpaka kwenye vioo. Dada yangu akasema tangi limechakaa kabla halijazeeka. Vumbi lile ni dayatomu, mwani wenye maganda ya silika. Huja karibu kila tangi jipya, na silika ikiisha nao huisha. Sikulifuta ila kwenye kioo cha mbele. Chini yake, kwenye jiwe kubwa la kushoto, madoa ya zambarau ya mwani wa chokaa yalikuwa yanapanuka, na hayo ndiyo niliyokuwa nayasubiri kuliko klauni wowote.

Sauti ilianza wakati huo. Tak. Kimya. Tak, kama mtu anayealisha vidole chumba cha pili. Kwanza nilishuku kioo kinapasuka, nikapitisha kidole kwenye kila kona nikitafuta unyevu. Nikashuku hita. Nikaichomoa, na bado ikasikika. Kijana akaandika daftarini "mlio", akaweka alama ya kuuliza kubwa kuliko michoro yote.

Wafugaji wa matangi wakisikia mlio huo, wazo la kwanza ni kamba-vunjajungu, anayejificha ndani ya mawe na kuvunja makombe kwa ngumi zake. Wengine huogopa mpaka wanalitoa jiwe na kuliosha kwa maji yasiyo na chumvi ili kumfukuza, na kwa kufanya hivyo wanaua nusu ya wapangaji wasio na kosa. Niliamua kwanza nimwone uso. Tatizo lilikuwa pampu: zilinguruma mfululizo, na mlio ulikuwa mfupi mno kujua umetoka jiwe gani.

Kisha umeme ukakatika, usiku, nyumba nzima. Pampu zikanyamaza.

Hapo kuna jambo la haraka kuliko udadisi. Maji yasipotikisika, oksijeni haiingii kwa kasi inayotosha, na gizani mwani nao unatumia oksijeni badala ya kuitoa. Nilichukua jagi, nikaanza kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingize hewa. Kijana akashika jagi la pili. Kumpumbaza nikamsimulia habari za Anna Thynne, mwanamke Mwingereza aliyechukua matumbawe ufukweni Torquay mwaka 1846 akayapeleka London, mbali na bahari. Hakukuwa na pampu za umeme. Maji yake yaliingizwa hewa kwa kumiminwa kutoka chombo hiki kwenda kile mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi kila mara.

"Alikuwa anamimina peke yake?"

"Alikuwa na mtumishi wa kike. Huyo ndiye aliyemimina."

Akamimina jagi moja zaidi, akifikiri. "Kwa hiyo hapa mtumishi ni mimi."

Tukapumzika. Na katika ule ukimya usio na pampu wala friji, tak! Safari hii hapakuwa na shaka: kushoto, chini, mahali jiwe kubwa lilipolalia mchanga. Kijana alikuwa ameshapiga magoti na tochi yake nyekundu.

Mchanga ulikuwa unatoka. Ulisukumwa kutoka chini ya jiwe, kidogo kidogo, kisha kipande cha kombe, kisha aliyekuwa anausukuma: kamba mwembamba, asiyefika urefu wa kidole changu kidogo, mistari ya nyekundu na nyeupe, na gando moja kubwa kuliko jingine. Alitua mzigo, akageuka, akarudi ndani. Baada ya muda akatoka na mzigo mwingine. Huyo hakuwa vunjajungu. Alikuwa kamba wa kufyatua, na gando lile kubwa ndilo silaha yake. Hulifunga kwa kasi kiasi kwamba maji yanachomoka na kuacha kiputo, na kiputo kinapobomoka ndipo tunaposikia tak; wanasayansi walithibitisha hilo kwa kamera za kasi mwaka 2000, maana kabla ya hapo wengi walidhani ni gando lenyewe linalogongana. Wakiwa wengi baharini hupiga kelele kiasi cha kusumbua vyombo vya kusikilizia nyambizi, kama ilivyotokea katika Vita Kuu ya Pili.

Asubuhi, umeme ukiwa umesharudi, nilimpigia mzee simu. Nikamweleza mistari, gando, mchanga.

Akanyamaza. "Jiwe gani?"

"Lile kubwa, lenye tundu kama jicho upande mmoja."

"Yupo hai!" Akacheka mpaka akakohoa. "Nilimhesabu marehemu. Gobi wake alikufa kwa uzee, naye akatoweka siku zilezile. Sikumwona tena."

Hapo mpango wa samaki ukabadilika. Kamba wa aina ile huona kwa shida, na hushirikiana na samaki gobi. Kamba huchimba shimo na kulitengeneza kila siku. Gobi hukaa mlangoni akilinda. Kamba akitoka huweka papasi yake moja, ule unywele mrefu wa kupapasia, juu ya mwili wa gobi asiiondoe, na hatari ikija gobi hutikisa mkia, wote wawili wakaingia ndani. Si kila kamba wa kufyatua anafanya hivyo, wengi huishi bila gobi, lakini huyu tulikuwa na ushahidi wa aliyemlea.

Kuzungumza na kijana kulikuwa kugumu kuliko kupima amonia. Alikuwa amesubiri klauni wake kwa uvumilivu ambao mimi katika umri wake sikuwa nao.

"Lakini huyu kamba anahitaji mtu wa kumwonea," nilimwambia.

"Na mimi nina tochi."

Hata hivyo alikubali. Amonia ilikuwa haisomeki tena kwenye kipimo, na nitriti vilevile, hata nilipoweka punje za chakula ziozee makusudi. Gobi akaletwa, wa manjano, madoa madogo ya bluu usoni, mdomo ulionuna. Tulimzoesha maji kwa mpira mwembamba, tone baada ya tone, kisha tukamwachia. Akaenda moja kwa moja kona ya kulia, upande usio na kamba, akajificha nyuma ya pampu na kukaa huko. Daftari likaandika: "Hawajuani."

Waliendelea kutojuana kwa muda. Kisha, asubuhi moja ya shule, kijana akapiga kelele iliyomtoa mama yake bafuni na sabuni kichwani. Gobi alikuwa amelala mlangoni pa shimo, kichwa nje. Nyuma yake kamba alikuwa anasukuma mchanga, na papasi moja nyekundu ilikuwa juu ya mkia wa manjano. Hakuna aliyewakutanisha.

Mzee alikuja mwisho wa juma. Alivuta kiti karibu, akavaa miwani, akaivua, akavaa tena, akakaa muda mrefu bila kusema. Kijana alimwonyesha daftari ukurasa kwa ukurasa, na mzee akamsahihisha mikono ya kiti cha pweza, kwamba mmoja haukuwa umepungua bali ulikuwa unaota upya.

"Kamba amenenepa," alisema hatimaye. "Mnamlisha nini?"

"Anajilisha," kijana akajibu. Kisha akanigeukia, akiona amepata shahidi. "Sasa Mjomba, si maji yamekubali? Klauni je?"

Nilimtazama mzee anisaidie. Alikuwa ameshanyanyua chupa za vipimo mezani na kuzisogeza kwenye mwanga.

"Nitrati yenu ikoje?" akauliza. "Njoo, tupime pamoja."