Gari la zamani linagonga nyuma? Shokapu isiwe ya kwanza kulaumiwa

Anza na buti. Toa jeki, spana na tairi la akiba, kisha endesha tena. Jeki iliyolegea hugonga sawasawa na shokapu iliyokufa. Bomba la moshi likishapoa, litikise pia. Mpira wake ukikatika linapiga bodi.

Kelele bado ipo? Sikiliza inatokea lini. Ngo-ngo-ngo kavu kwenye vishimo vidogo, mwendo mdogo, mara nyingi ni linki za stebilaiza (vijiti vifupi vya fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona) au bushi, yaani mpira wa kiungio, ya juu ya shokapu. Kishindo kimoja kizito ukishika breki au ukiondoka mara nyingi ni bushi za mikono inayoshika ekseli.

Linki usizikague ukiwa umenyanyua gurudumu moja tu. Stebilaiza inajipinda, inaikaza linki, na ulegevu unajificha. Weka magurudumu yote mawili usawa mmoja, ndipo uitikise kwa mkono. (Stendi za kuegemezea gari na vizuizi vya magurudumu ya mbele ni lazima, jeki peke yake haiaminiki.)

Bushi zipime kwa mtaimbo: mpira kunepa kidogo ni kawaida, chuma kugusa chuma si kawaida. Futa tope kwenye kikalio cha springi, maana mzingo wa chini hukatika humo bila kuonekana.

Ukifunga bushi mpya za mpira, kaza bolti za mwisho gari likiwa limekalia uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejipinda na unachanika mapema. Shokapu zibadilishwe mbili kwa pamoja.