Nilivyowatambua mapema wa kupata sapu (mtihani wa marudio) mwaka wa kwanza wa uuguzi

Nilipokabidhiwa udahili chuoni, ushauri ulikuwa mmoja tu: angalia divisheni, mengine yatajipa. Ulinikera na bado unanikera. Divisheni ya kidato cha nne hutokana na jumla ya pointi za masomo saba bora, A pointi 1, D pointi 4, na pointi chache ndiyo nafuu. Mwombaji mwenye B za Uraia, Historia na Kiswahili, C za Jiografia na Kiingereza, D za Baiolojia na Kemia, ana pointi 20, Divisheni II (Fizikia nayo D, ila saba zimeshatimia). Mwenye B ya Baiolojia, C za Kemia, Fizikia, Kiingereza na Kiswahili, D za Hisabati na Uraia, ana 22, Divisheni III. Kwa sifa za chini za diploma wote wanaingia. Anatomia ikianza, mimi namtaka huyo wa pili.

Niliweka kila mwanafunzi na mstari wake kwenye Excel: alama za kidato cha nne, kisha za muhula wa kwanza. Usitumie orodha ya wahitimu, maana waliodisko (walioondolewa chuo kwa kufeli) hawamo, nao ndio unaowatafuta. Chukua rejista ya usajili, na aliyeondoka kwa ada mtenge na aliyeondoka kwa alama. Ukiona Kemia haitofautishi sana waliofaulu na waliofeli, usiitupe: uliowadahili karibu wote wana C na D, wenye F hawakuingia uwalinganishe.

Hisabati ni nyongeza tu kwenye sifa, na hapo ndipo ninapojivunia jaribio langu. Wiki ya kwanza nawapa maswali kumi, nusu saa, bila kikokotoo, kwa Kiingereza kama mtihani wenyewe. Gharama ni kutoa kopi tu. Swali mojawapo: mtoto wa kilo 12, paracetamol mg 15 kwa kila kilo, dawa ya maji yenye mg 120 katika ml 5. Jibu ni mg 180, yaani ml 7.5.

Ukisahihisha kwa vema na kosa tu, umepoteza karatasi. Aliyeishia 180 anajua njia, hajageuza kuwa ujazo. Aliyepata 0.625 hesabu yake ni safi, ila hakuona "kwa kila kilo". Mpeleke kwa mwalimu wa Kiingereza, si wa Hisabati. Kwenye dripu ya ml 1000 kwa saa 8, seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa ml, jibu ni matone 42 kwa dakika. Anayeandika 2500 hakugeuza saa kuwa dakika, wala hakujiuliza kama inawezekana.

Wa kuogopwa wodini ni aliyeandika ml 75 badala ya 7.5 kwenye ile paracetamol. Huyo simpi maelezo mengi. Nampa bomba la sindano la ml 10 na kikombe cha maji, avute hicho alichoandika. Bomba linajaa mara saba na bado dozi haijatimia. Hapo ndipo namrudishia karatasi, namba zikiwa zimebadilishwa.