Ukungu wa Yakobo haukuanzia msibani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tukae kwenye ukungu. Najua wengi hapa akili imeshakimbilia Yakobo 4:14, maana ndo mstari tunaousoma jeneza likiwa pale mbele, "ninyi ni mvuke uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka", watu wanatikisa vichwa, tunazika, tunakula ubwabwa, yameisha.

Sasa hebu rudi mstari mmoja tu nyuma uone Yakobo anaongea na nani. Hakuna mfiwa pale, kuna watu wazima wa afya wako na mipango yao, leo au kesho tunaingia mji fulani, tunakaa mwaka mzima, tunapiga biashara, tunatoka na faida. Hao ndo anawaambia nyie ni mvuke. Wala hawakatazi kupanga, anawapa na namna ya kusema, Bwana akipenda (ambayo sisi siku hizi tunaisema hasa kwa kitu ambacho tunajua kabisa hatutakifanya, tusidanganyane).

Halafu endelea kusoma usikate. Mstari wa 17, ajuaye kutenda mema asiyatende kwake huyo ni dhambi. Unaingia sura ya 5 unakutana na matajiri, na ujira wa wakulima waliovuna mashamba yao, umezuiwa kwa hila na unapiga kelele. Kwa hiyo mimi naona mvuke wa Yakobo unaenda moja kwa moja mpaka kwenye mshahara wa kibarua, wewe ni wa kitambo tu na bado unashikilia hela ya mtu aliyekuvunia!

Waandishi wengine nao wana ya kwao. Petro anaupeleka ukungu kwa walimu wa uongo, wanasukumwa na tufani na maji hawana. Luka anaandika kwamba kule Pafo, kisiwa cha Kipro, Elima yule mchawi aliyekuwa anampinga Paulo mbele ya liwali Sergio Paulo, macho yakaingia kiwi, yaani ukungu wa macho, na giza, akabaki anapapasa atafute mtu wa kumshika mkono. Isaya 44:22 sasa ndo raha, pale kinachotoweka kama wingu ni dhambi zako.

Ila Hosea 6:4 jamani. "Fadhili zenu ni kama wingu la asubuhi, na kama umande utowekao mapema." Kule kwao kiangazi ni kirefu, tangu kama mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hakuna kabisa, kwa hiyo mkulima akiamka akakuta wingu limetanda chini na majani yamelowa anaweza akapata matumaini, jua likipanda kidogo tu hakuna kitu, udongo mkavu vilevile. Waliowahi kukaa Njombe mwezi wa sita wanajua, asubuhi magari yanawasha taa na mti wa hatua kumi huuoni, saa nne kweupe. Mungu anasema upendo wenu kwangu ndo uko hivyo. Na aliowaambia walikuwa watu wa sadaka, ibadani wanakwenda vizuri tu, soma mstari wa 6.

Sasa Mwanzo 2. Mvua bado haijanyesha, mtu wa kulima hayupo, halafu "ukungu ukapanda katika nchi, ukatia maji juu ya uso wote wa ardhi". Huo nao ni ukungu, sidhani kama ulikaa sana kuliko ule wa Hosea, lakini ulipopita ardhi ilikuwa imelowa, na mstari unaofuata Mungu anachukua mavumbi ya ardhi hiyohiyo anamfanya mtu.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii, soma Yakobo 4:13 mpaka 5:6 kwa mkupuo mmoja, ile namba ya sura ya 5 ipite kama haipo. Ukimaliza chukua simu, angalia nani ulimwambia "njoo kesho", dada wa kazi, fundi, kijana wa bodaboda, umtumie chake kabla hatujakutana Jumatano. Chai ni zamu ya kina baba, na safari hii maandazi yawepo.