Siku niliyoigawa namba ya Fermat mwaloni Kirumba

Likizo ya form three nilikuwa nashinda mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenye kibanda cha mama mdogo, anauza dagaa kwa jumla, kazi yangu kuhesabu magunia na kubonyeza kalkuleta. Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, akinamama wanampelekea madaftari awapigie mahesabu halafu wanamlipa dagaa (analalamika kila siku lakini anachukua). Siku hiyo mvua imepiga, wateja hamna, akaandika 4294967297 kwenye kipande cha boksi, haya kijana, hii inagawanyika kwa ngapi?

Nikakimbilia kalkuleta, ile ya tarakimu nane, ya tisa haiingii. Mzee anacheka tu.

Akanipa stori ya Fermat, Mfaransa, mwanasheria hata sio mwalimu. Mwaka 1640 huyo bwana kaona 3, 5, 17, 257 na 65537 zote ni namba tasa, na zote unazipata ukichukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16 ukaongeza 1, basi akaamini zinazofuata nazo ni tasa. Inayofuata ni kipeo cha 32, ndo hiyo ya kwenye boksi. Ikakaa mpaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, alipoivunja, yaani alipopata namba inayoigawa. Na Euler alikuwa mjanja bhana, alionyesha kwamba namba tasa yoyote itakayoigawa lazima iwe 64 mara kitu fulani ukaongeza 1, kwa hiyo 3, 7, 11 na wenzake huhangaiki nazo, unaanza na 193, kisha 257, 449, 577, 641. Ukienda kienyeji kuanzia 2, hiyo 641 ni namba tasa ya 116, si utakesha.

Zile nne za mwanzo mzee akanikatia mwenyewe, akasema zinaacha baki, wewe piga 641. Nikapiga kwa mkono. 4294 inaingia mara 6, baki 448, nashusha 9 inakuwa 4489, mara 7 ni 4487, baki 2 tu, zikafuata sifuri mbili, halafu 4, halafu 1, na baki ikawa 448 tena! Nikashusha 7 ya mwisho, 4487, na hiyo 4487 si nilishaiandika pale juu, mara 7 kamili, baki sifuri. Jibu 6700417. Nilipiga kelele mpaka mama mdogo akadhani nimeibiwa.

Mzee wala hakushtuka, akageuza boksi akaandika inayofuata, 18446744073709551617, tarakimu ishirini, akasema hii Landry, Mfaransa mwingine wa hesabu, aliivunja mwaka 1880 akiwa na miaka 82, kwa hiyo we na mama yako mdogo mkome kuniita mzee.