Karakana ya Uani: Meza Kwanza, Kuta Baadaye

Anayejenga karakana nyumbani kwake hapa kwetu kwa kawaida huanza na swali la ukubwa, kisha bei ya tofali na bati, na suala la mwanga humwachia fundi umeme aje kulimaliza siku ya mwisho kwa balbu moja katikati ya chumba. Mimi nilipoamua kujijengea karakana ya useremala uani, hapa Morogoro, nilianzia upande wa pili. Niliamua kwanza meza ya kazi itasimama wapi, na nikiwa na randa mkononi nitakuwa nimetazama upande gani. Ndipo nikachora kuta za kuizunguka meza hiyo. Naamini kwa dhati kwamba mwanga ndio zana ya kwanza ya seremala, tena ni zana ambayo ukishamwaga zege na kufunga lenta, kuibadilisha ni kazi ya nyundo na tindo.

Vitabu vingi vya useremala vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo humshauri msomaji aweke dirisha kubwa upande wa kaskazini, kwa sababu kule saa za mchana jua huwa upande wa kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini hupokea mwanga tulivu wa anga bila miale mikali. Ushauri huo ukiuchukua ulivyo na kuuleta huku, utakupoteza. Morogoro iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua letu halikai upande mmoja. Mwishoni mwa Juni, saa sita mchana, liko upande wa kaskazini, limeinama kama nyuzi 30 kutoka utosini. Mwishoni mwa Desemba liko upande wa kusini, lakini limeinama nyuzi 17 tu. Na mwanzoni mwa Machi, kisha tena karibu na katikati ya Oktoba, hupita juu ya kichwa moja kwa moja. Kwa mjenzi, maana yake ni kwamba ukuta wa kusini ndio unaosumbuliwa kidogo zaidi na jua, na hata jua linapohamia upande huo linakuwa juu sana, kiasi kwamba upenu wa sentimita 60 unatupa kivuli cha karibu mita 2 ukutani wakati wa adhuhuri. Upande wa kaskazini jua la Juni huwa chini zaidi, hivyo upenu wa sentimita 90 unatupa kivuli cha mita moja na nusu hivi.

Kwa hesabu hiyo meza yangu imesimama kwenye ukuta wa kusini, chini ya dirisha pana kuliko yote, na anayefanya kazi hapo anatazama milima ya Uluguru. Kizingiti cha chini cha dirisha nilikiweka mita 1 kutoka sakafuni, ili meza ya sentimita 90 ikae chini yake na zana zisigonge kioo. Asubuhi na jioni za Desemba jua huingia kwa mshazari kwa muda, na pazia jepesi jeupe linatosha kulituliza. Upande wa kaskazini nina madirisha mawili ya wastani, chini ya upenu mrefu zaidi. Upande wa magharibi sikuweka dirisha lolote. Jua la saa kumi alasiri huingia chini kabisa, likampiga mtu machoni na kupasha chumba joto, na ukuta usio na tundu una faida yake: ndipo ninapotundika misumeno, bikari na jiriwa za mkono. Mlango mpana uko mashariki, kwa sababu mbao ndefu zinahitaji mahali pa kuingilia.

Msingi na kuta sitavizungumzia sana, kwani kila fundi mwashi anavijua. Nataja tu mambo mawili ambayo mtu anayejijengea mwenyewe huyaruka. La kwanza ni kuhakikisha pembe za msingi ni pembe mraba kabla ya kuchimba. Tuliweka vigingi na kamba, mdogo wangu akashika mwisho mmoja wa futi kamba. Tukapima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande wa pili, na tukasogeza vigingi hadi mshazari uliounganisha alama hizo mbili ukawa mita 5 kamili. Chumba cha mita 6 kwa 4 kikienda upande hata sentimita chache, utaliona kosa hilo juu kwenye kenchi na bati, na hapo halirekebishiki kwa urahisi. La pili ni jamvi, yaani sakafu ya zege. Kabla ya kumwaga zege tulitandika nailoni nzito ili unyevu usipande kwenye mbao zilizolazwa sakafuni, kisha tukalaza bomba za nyaya kutoka ukutani hadi katikati ya chumba, mahali msumeno wa meza utakaposimama. Waya unaopita juu ya sakafu ya karakana ni hatari kila siku, kwa sababu anayesukuma ubao kwenye msumeno haangalii miguu yake.

Juu niliezeka bati nyeupe, na kati ya ukuta na bati niliacha uwazi wenye wavu, ili hewa ya moto itoke. Wengi huongeza bati za mwanga, zile za plastiki zinazopitisha nuru, nami niliweka mbili tu, zote juu ya eneo la kuhifadhia mbao. Katika latitudo yetu jua la mchana hupita karibu na utosi miezi mingi, na bati la mwanga lililo juu ya meza litashusha doa kali la jua juu ya kazi yenyewe. Jicho linalohama kutoka kwenye doa hilo kwenda kwenye kivuli kilicho kando yake huchoka haraka, na mstari wa penseli hupotea. Ubao ulioachwa juani upande mmoja nao hupinda.

Kabla ya kufika kwenye umeme, kuna kitu kinachoongeza mwanga kwa bei ndogo kuliko vyote, nacho ni rangi nyeupe. Ukuta mweupe usiong'aa hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoupiga, ilhali plasta ya saruji isiyopakwa kitu haifikishi nusu. Kuta zangu ni nyeupe hadi juu, na upande wa chini wa bati nao ni mweupe. Ukiniuliza mahali pa kubana matumizi katika ujenzi huu, sitakutajia rangi.

Sasa taa. Zinahitajika hata mchana, kwa sababu wakati wa masika mawingu hushuka hadi kiunoni mwa Uluguru na saa tisa alasiri meza huwa na giza. Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na unaofika juu ya kazi hupimwa kwa luksi, ambayo ni lumeni moja katika mita ya mraba. Luksi 300 zinatosha kwa kazi ya kawaida ya useremala. Kwenye mashine na kwenye meza nilitaka 500 au zaidi. Chumba changu kina mita za mraba 24, kwa hiyo luksi 300 ni lumeni 7,200 zinazotakiwa kufika kwenye usawa wa meza. Lakini sehemu kubwa ya mwanga huishia kwenye kuta, kwenye vumbi na kwenye mbao zenyewe, hivyo niliizidisha hesabu mara mbili na kupata lumeni 14,400. Tyubu ya LED ya futi 4 yenye wati 18 hutoa lumeni 1,800 hivi, na kwa hiyo nilihitaji tyubu 8 kwa chumba kizima na 2 za ziada juu ya meza. Zote 10 zikiwaka hula wati 180, kiasi ambacho Luku, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, inakivumilia. Aliyevuka miaka 50 aongeze, maana jicho likizeeka huhitaji mwanga mwingi zaidi kuona kitu kilekile.

Mahali pa kuzitundika ni muhimu kuliko idadi yake. Taa iliyo katikati ya chumba humwangaza seremala mgongoni, na kichwa na mabega yake hutupa kivuli pale pale patasi inapokata. Kwa hiyo tyubu mbili za meza nilizifunga juu ya meza yenyewe, kati ya mfanyakazi na ukuta, ili kivuli cha kichwa kiangukie nyuma. Zile 8 nilizipanga safu mbili kwa urefu wa chumba, zikiwa zimeachana, kwa sababu mwanga unaotoka pande nyingi huvunja vivuli ambavyo taa moja kali huviacha vizito.

Kuna pia taa moja ndogo inayohamishika, na hii ndiyo niipendayo zaidi. Ubao wa mninga uliopigwa randa huonekana laini kabisa chini ya taa za juu. Ukizizima, ukailaza taa ndogo pembeni, sentimita chache tu juu ya uso wa ubao, mwanga ukapita sambamba nao, mambo hubadilika: kila mstari ulioachwa na pembe ya kisu cha randa unatoa kivuli chembamba, mikwaruzo ya msasa iliyokwenda kinyume cha nyuzi inaonekana, na mahali gundi ilipomwagika panang'aa tofauti. Dosari hizo zisipoonekana leo, zitaonekana baada ya vanishi, mbele ya mteja. Kwa sababu hiyohiyo nilichagua taa nyeupe za wastani, kati ya kelvini 4,000 na 5,000 (kelvini hupima rangi ya mwanga), zenye kipimo cha uhalisi wa rangi cha 90 kati ya 100. Chini ya taa duni huwezi kulinganisha vizuri vipande viwili vya mninga, kimoja chekundu na kingine kinachoelekea hudhurungi, na ukishaviunganisha kwenye uso wa meza moja tofauti hiyo itabaki hapo miaka yote.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye mashine alijue ni kupepesa kwa taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubu za zamani zenye choki, ile koili ya kudhibiti umeme wa taa, hupungua na kuongezeka mwanga mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Mota ya kawaida ya mashine ya kunolea huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, yaani mara 48 hivi kwa sekunde, mwendo unaokaribia sana nusu ya mapigo hayo, na chini ya taa ya namna hiyo alama iliyo kwenye jiwe inaweza kuonekana ikienda taratibu au imesimama kabisa, ilhali linazunguka kwa kasi yake yote. Si tyubu za zamani pekee zenye tatizo hilo. LED za bei ya chini zenye saketi duni nazo hupepesa. Dukani mwombe muuzaji aiwashe taa, kisha upunge penseli kwa haraka mbele yake. Ukiona penseli imekatikakatika vipande vipande badala ya ukungu mmoja, irudishe taa hiyo rafuni.

Kuchimba mtaro wa waya kutoka nyumbani, kulaza bomba na kufunga visanduku nilifanya mwenyewe. Kuunganisha nilimwachia fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na sioni sababu ya mtu yeyote kufanya vinginevyo. Tulikubaliana juu ya mpangilio kabla hajaanza. Taa zina waya wa milimita za mraba 1.5 na breka yake ya ampea 10. Soketi zina waya wa 2.5, msumeno wa meza una mstari wake peke yake. Msumeno wa wati 2,200 kwenye voti 230 huvuta karibu ampea 10 ukifanya kazi, na wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hapo. Ukiwa kwenye mstari mmoja na taa, breka ikikata, unabaki gizani mbele ya kisu ambacho bado kinazunguka. Kwa kuwa umeme unaweza kukatika mtaa mzima, juu ya msumeno nilifunga pia taa ya betri inayojiwasha yenyewe. Kuna fimbo ya athi iliyopigwa ardhini nje ya ukuta, na kwenye sanduku kuna kifaa cha kukata umeme unapovuja miliampea 30.

Vumbi la mbao hushika moto na hufunika kila kitu, hivyo taa zote zina vifuniko vilivyozibwa, na kila mwisho wa mwezi nazipangusa kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kuzima umeme. Tofauti huonekana mara moja.

Kwa mwenye fedha kidogo, ningeanza na dirisha la kusini, upenu wa kutosha na rangi nyeupe, kisha nilaze mabomba yote ya nyaya hata kama hakuna nyaya za kupitisha. Tyubu zinaweza kununuliwa mbili mbili, kuanzia zile za juu ya meza. Kwangu kilichobaki ni mashine ya kufyonza vumbi. Mahali pake ni kona ya kaskazini-magharibi, na bomba la waya wake limeshalala chini ya jamvi.