Darasa lililo chini ya maji, Chumbe

Mwaka jana nilisindikiza wanafunzi kwenda Chumbe, kisiwa kidogo kusini-magharibi mwa Mji wa Zanzibar, ambacho mwamba wake wa matumbawe ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994. Wengi wao ni watoto wa wavuvi, na hata hivyo hawakuwa wamewahi kutia uso baharini wakiwa na miwani. Msichana mmoja, aliyeng'ang'ania boya kwa mikono miwili huku jaketi la kuokolea likimpanda hadi masikioni, aliinua kichwa akapaza sauti, "Mwalimu, kumbe mawe haya yako hai!" Nilikuwa nimelifundisha somo hilo ubaoni kwa miaka kadhaa, na sikumbuki hata mmoja aliyewahi kushtuka hivyo.

Walinzi wa hifadhi, ambao miongoni mwao wamo waliokuwa wavuvi, hawabebi silaha. Mvuvi akisogea karibu na mwamba humfuata kwa mashua, wakamsalimu na kumweleza kwamba samaki wanaokulia pale ndio wanaotoka baadaye kwenda kwenye maeneo anayovulia yeye. Nadhani maneno hayo huaminika zaidi yakitoka kwa mtu aliyewahi kuvuta nyavu.

Wanafunzi walioneshwa pia paa zinazokinga maji ya mvua na vyoo vya mboji visivyotumia maji (hapo vicheko vilikuwa vingi), na tuliporudi wakaanza kurundika majani makavu nyuma ya darasa kwa ajili ya bustani ya mchicha.